Nauli ya Ndugu Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Kwa Shirika la Ndege,
Ofisi ya Tiketi.

Salamu nyingi. Mimi ni fundi cherehani, nina duka dogo mkabala na posta, na naandika kwa sababu tangazo lenu mlilobandika kwenye kioo cha posta limeniondolea raha. Linasema: NAULI YA NDUGU. NDUGU WAWILI, NAULI MOJA. JUMATANO TU. MAOMBI YOTE KWA MAANDISHI. Nimelisoma siku nne mfululizo, nikienda na nikirudi, mpaka karani wa posta akaniuliza kama nimedondosha kitu.

Swali langu ni hili. Wifi ni ndugu?

Nauliza kwa sababu ndugu wa kuzaliwa naye sina. Wazazi wangu walinipata mimi wakaona yatosha. Nina binti mmoja, anaishi huko ndege yenu inakotua, na ana mimba yake ya kwanza. Anatarajia kujifungua karibu na tarehe ishirini Aprili. Presha inampanda, daktari amemwambia alale, asiiname, asibebe hata ndoo. Mumewe ni dereva wa malori, akitoka leo anaonekana baada ya wiki tatu. Kwenye simu binti ananiambia, "Mama, usihangaike, nitajitahidi." Mimi namjua. Huyo akisema atajitahidi, ujue anaogopa.

Basi la huko ni siku tatu njiani. Mara ya mwisho nililipanda nikashuka miguu imevimba, viatu nimeshika mkononi. Nauli nzima ya ndege sina, nusu ninayo. Kwa hiyo natafuta ndugu mwenye nusu ya pili, na ninayemfikiria ni mmoja tu: dada wa marehemu mume wangu, shangazi wa huyo binti.

Nijibuni upesi, mimba haisubiri posta.

Mimi,
Fundi cherehani, duka la mlango wa kijani


Kumb. Na. NN/3/112
Jumatatu, 10 Machi

Ndugu Mteja,

YAH: MAOMBI YA NAULI YA NDUGU WAWILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako ya tarehe 3 Machi imepokelewa. Kwa mujibu wa Kanuni za Nauli za Punguzo, kifungu cha 7(b), "ndugu" ni watu waliozaliwa na baba mmoja, au mama mmoja, au wote wawili. Wifi hakutajwa. Hivyo jibu la ofisi ni kwamba wifi si ndugu.

Unakumbushwa pia masharti mengine ya nauli hii: ndugu wasafiri Jumatano, wakae viti vya pamoja, wawe na begi moja kubwa kwa wote wawili, wasitengane tangu kaunta hadi mlango wa kutokea, na warudi pamoja baada ya siku saba. Nauli hii ilitungwa ofisi kuu. Sisi wa madirishani tulielezwa baadaye.

Pamoja na barua hii naambatanisha Fomu ya Ndugu. Tafadhali iangalie sehemu ya nne: "Undugu wenu ni kwa (i) baba, (ii) mama, (iii) vinginevyo, eleza." Ofisi haimshauri mteja namna ya kujaza fomu. Ila mistari ya kueleza ipo minne, na tangu nauli hii ianze hakuna aliyewahi kuitumia.

Fomu isainiwe na ndugu wote wawili.

Wako katika huduma,
Karani, Dirisha la Tatu


Jumamosi, 15 Machi

Mwanangu wa Dirisha la Tatu,

Nakuita mwanangu, lakini kama u mwanamume au mwanamke sijui, maana sahihi yako imekaa kama uzi uliofumuka. Vyovyote ulivyo, Mungu akuzidishie. Nimeuelewa huo mstari wa "vinginevyo". Nimeujaza, ukajaa, nikaendelea nyuma ya fomu, nako kukajaa, kwa hiyo nimeweka karatasi nyingine tano. Hizo nakuandikia wewe tu.

Mimi na wifi tulikuwa na duka moja kwa miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa wa mkasi, yeye wa cherehani. Binti yangu alikulia chini ya meza yetu, na kabla ya hapo alikulia mgongoni kwa wifi, kwa sababu mimi huwezi kunifunga mtoto mgongoni nikakata kitambaa sawasawa. Yeye hakujaliwa kupata mtoto wake. Alikuwa anashona na mtoto wangu mgongoni, mguu unakanyaga cherehani, mtoto analala kwa ule mtetemo.

Tumenuniana mwaka wa sita sasa. Chanzo ni gauni. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alituletea kitambaa cha maua makubwa, cha bei, ashonewe gauni la kuagwa kazini. Siku ya sherehe akasimama mbele ya wanafunzi mia nne na maua yote yameelekea chini, yameinamisha vichwa, utadhani hayajamwagiwa maji mwezi mzima. Wasichana wakacheka mpaka mwalimu wa zamu akaanza kucheka. Tulilipa kitambaa, na jina la duka likaharibika. Wifi akasema nimekata vibaya. Nikasema yeye ndiye aliyeshona kipande juu chini. Akasema hivi, nikasema vile, akabeba cherehani yake, akahamia mji wa pili, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Tangu siku hiyo kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Ni mimi. Nilikikunja kitambaa kinyume, nikakata. Nililijua kosa siku ile ile ya ugomvi, nilipookota mabaki sakafuni nikaona maua yanavyokaa. Nikayachoma mabaki. Nilishindwa kusema kwa sababu mimi ndiye mkubwa kwake, na mkubwa akishasema "sikukosea" mbele ya watu, kurudi nyuma ni kazi.

Wifi ana maneno makali, hasahau kitu, na anakoroma. Akipata kiti karibu na mtu, atamlalia begani akorome mpaka safari iishe. Lakini mwanangu, tangu aondoke nakunywa chai peke yangu saa nne, na bado mkono unachukua vikombe viwili. Kama huo si undugu basi andikeni maana nyingine.

Anwani yake iko chini hapa. Nakuomba umpelekee wewe hiyo fomu asaini. Nikipeleka mimi, akiona tu mwandiko wangu kwenye bahasha atawashia jiko.

Mimi,
Fundi cherehani


Jumatatu, 24 Machi

Karani wa Dirisha la Tatu,

Nimepokea bahasha yako nene. Ilinikuta natia zipu kwenye suruali ya mteja, na mteja mwenyewe amejifunga shuka nyuma ya pazia, anasubiri. Alisubiri sana. Ulichoniletea ni fomu moja, na nyuma yake umebana barua nzima ya wifi yangu, na juu umepiga muhuri: NAKALA KWA MHUSIKA. Sijui kama hivyo ndivyo mnavyofanya kazi huko, lakini ahsante.

Kwanza, sikoromi. Nina pumzi nzito.

Pili, kumbe ni yeye! Miaka sita nimelala nikijiuliza kama kweli mimi ndiye niliyegeuza kile kipande. Nimefika mahali kila kitambaa cha maua nakikagua mara kumi kabla sijakigusa, wateja wananiona kama nina kasoro. Kumbe mabaki yalichomwa. Nilipofika hapo kwenye barua nilisimama, nikazunguka duka, nikamsahau mtu wa shuka.

Tatu ni jambo ambalo nakwambia wewe, na ole wako ulipigie muhuri wa nakala. Yale maua niliyaona. Natia zipu mgongoni nikaona yanaangalia chini. Lakini asubuhi ile wifi alikunywa chai bila kuniita, alikuwa na haraka ya kukata, nami nikavimba. Nikasema moyoni, ngoja aone. Nilidhani mwalimu mkuu atakuja kujaribu, ataona, wifi atapata aibu kidogo, tutarekebisha. Mwalimu hakuja kujaribu. Alituma mtu achukue, akalivaa moja kwa moja. Basi tazama mwenyewe: mwenzangu alikosea bila kujua, mimi nilijua nikanyamaza. Halafu mimi ndiye niliyebeba cherehani nikaondoka kwa hasira.

Nne. Huyo binti nilimbeba mgongoni mpaka siku aliyoanza shule. Habari ya presha nimeijua kwenye bahasha hii. Hakuniambia, nadhani aliogopa nitamuuliza kwa nini mama yake hajaenda. Yaani mtoto wangu anaumwa, na mimi naambiwa na shirika la ndege.

Nimesaini. Nusu ya nauli ninayo. Kiti cha dirishani ni changu.

Mimi,
Wifi mtu


Ijumaa, 28 Machi

Mama,

Leo siandiki kwa kumbukumbu namba, maana nikiandika kiofisi sitaweza kuyasema haya.

Nimefanya kosa. Huku tumefundishwa kwamba fomu ikienda kwa mhusika wa pili, viambatanisho vyote viende nayo, na kila karatasi ipigwe muhuri wa nakala. Nina miezi mitano kazini. Nilikuwa nafanya haraka, ili fomu iwahi basi la mchana. Nikapiga muhuri karatasi zote, na barua yako ikiwemo. Wifi yako ameisoma. Yote. Hata pale pa mabaki, na hata pale pa kukoroma.

Nilipogundua, nilikaa chini ya kaunta kama mtu anayetafuta kalamu. Naomba radhi, mama. Sijui nitakutazamaje siku ukija dirishani. (Mimi ni mwanamke. Nitairekebisha sahihi.)

Habari njema ni kwamba amesaini. Amejibu na mengine, lakini hayo ameniomba niyafunge mdomoni, na safari hii nayafunga.

Habari mbaya ni kwamba fomu imekataliwa. Inaidhinishwa na mkuu wetu wa nauli, mzee mmoja ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Mzee Kifungu, kwa sababu hata ukimwamkia anajibu kwa kifungu. Aliangalia sehemu ya nne, akapiga mstari mwekundu. Akasema, "Ndugu ni baba mmoja au mama mmoja. Hili neno 'vinginevyo' liliwekwa kwa ajili ya mapacha." Nikamuuliza mapacha hawana baba na mama? Akaniambia nirudi dirishani kwangu.

Ndege ya mwisho yenye nafasi za punguzo kabla ya tarehe ishirini ni ya Jumatano tarehe 16 Aprili. Zimebaki nafasi mbili. Nimeziandika kwa penseli jina lako na la wifi yako. Kanuni hairuhusu penseli kwa zaidi ya siku tatu, kwa hiyo kila baada ya siku tatu nafuta na kuandika upya.

Karani


Jumanne, 1 Aprili

Wewe mtoto,

Umenivua nguo mchana kweupe! Niliposoma barua yako nilifunga duka saa tano asubuhi, nikamwambia mteja wangu kichwa kinauma. Hakikuuma kichwa. Niliona haya hata kuitazama cherehani.

Nilikuandikia wewe kwa sababu hunijui. Mtu anaweza kumwambia asiyemjua jambo ambalo hawezi kumwambia wake, na wewe ukalichukua ukaligonga muhuri ukampelekea wangu. Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Nimekaa mpaka jioni. Kisha nikajiuliza, huyo wifi amesoma kwamba ni mimi, na bado amesaini? Nikajiuliza tena na tena. Nikaona nitoe karatasi.

Usifute penseli yako.

Fundi


Jumatano, 2 Aprili

Wifi,

Umeshasoma, basi sina cha kuficha. Nilikata vibaya. Niliacha uonekane mwenye kosa mbele ya mteja, mbele ya mtaa na mbele ya mtoto. Uliondoka na cherehani kichwani mwa mchukuzi, nami nilikuwa nyuma ya pazia nakuona, nikashindwa kutoka. Nisamehe. Nilipaswa kusema hivi kabla hujafika kona.

Binti anapata kizunguzungu. Jana aliniambia ameanza kuona vinyota. Mimi peke yangu siwezi kwenda, na hata ningeweza, nikifika nitafanya nini? Tangu azaliwe sijawahi kumtuliza mwenyewe. Ulikuwa unamtuliza wewe.

Fomu wameikataa. Lakini hata isipopita nilitaka uyapate haya kwa mkono wangu, si kwa muhuri.

Mimi, wifi yako


Jumapili, 6 Aprili

Wifi,

Barua yako sikuitia jikoni. Niliiweka chini ya mguu wa cherehani siku mbili kabla ya kuifungua, lakini niliifungua.

Niliyaona maua, wifi. Natia zipu nikayaona, nikanyamaza kwa sababu ulikunywa chai bila mimi. Chai! Mtu mzima mwenye mvi. Nilimwambia yule karani, nikamkataza asikwambie, na inaonekana safari hii amesikia. Kwa hiyo nakwambia mwenyewe. Ulipokuwa nyuma ya pazia hukushindwa kutoka kwa ubaya wako, mimi ndiye niliyekuwa nimevimbisha mashavu kiasi kwamba hata ungetoka nisingesimama.

Sasa tumalize. Mimi nakuja huko kwako Jumatatu ya tarehe 14, fomu ipite isipite. Ikipita tunapanda ndege. Isipopita tunapanda basi, na ukivimba miguu nitakubeba, nimeshawahi kubeba wa kwenu.

Na nisisikie tena habari ya kukoroma.

Wifi


Kumb. Na. NN/3/131
Jumatano, 9 Aprili

Ndugu Mteja na Ndugu Mteja,

YAH: KUIDHINISHWA KWA NAULI YA NDUGU WAWILI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu, maana ni kweli!

Nawaeleza ilivyokuwa. Jumatatu nilikusanya barua ambazo Mzee Kifungu amezisaini mwezi huu, nikaenda nazo ofisini kwake. Nikamwonyesha ya kwanza: "Ndugu Mteja." Ya pili: "Ndugu Meneja." Ya tatu, ya yule mtu wa mizigo aliyetushtaki: "Ndugu Mlalamikaji." Kisha nikamwonyesha tangazo lake mwenyewe ubaoni: "Ndugu zangu wafanyakazi, mnakumbushwa kuzima taa." Nikasema, "Mzee, samahani. Hawa wote tumezaliwa nao kwa baba au kwa mama?"

Niliona kabisa namwaga unga. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Hilo ni neno la heshima tu." Nikamwambia hata hawa wawili wanaomba heshima hiyo hiyo. Akazipekua tena zile barua. Halafu akauliza kama sehemu ya nne imeelezwa. Nikasema imeelezwa, kurasa sita. Akasema zilete.

Akajifungia nazo saa nzima ya chakula. (Mama, najua. Lakini nilikuwa nimekosea mara moja, nikaona ya pili iwe na faida.) Alipotoka macho yalikuwa mekundu kidogo, akasema ni vumbi la majalada. Akaniuliza jambo moja tu: "Lile gauni, yule mwalimu alilirudisha?" Nikasema sijui. Akatikisa kichwa, akafuta mstari wake mwekundu kwa kalamu nyeusi, akaandika pembeni: "Vinginevyo. Wameeleza." Akasaini.

Tiketi zenu ziko dirishani kwangu, kwa wino. Ndege inaondoka Jumatano tarehe 16, saa tatu asubuhi. Kuna jambo moja tu. Uwanjani wana kanuni zao, na Mzee hana amri huko. Dada wa kaunta huwatazama wenye nauli hii, akimwona mmoja hafanani na mwenzake humuuliza ghafla, "Huyu ni nani wako?" Mtu akisema rafiki, jirani au wifi, tiketi inafutwa hapo hapo. Jibu ni neno moja, na mnalijua. Lifanyieni mazoezi.

Wenu katika huduma,
Karani, Dirisha la Tatu


Jumamosi, 19 Aprili
Hospitali, benchi la nje ya wodi ya wazazi

Mwanangu,

Naandika kuomba tarehe yetu ya kurudi isogezwe mbele. Siku saba hazitatutosha. Muulize Mzee wako kuna kifungu gani, na kama hakipo, mwambie nimeomba kwa heshima. Sasa nikueleze tulivyosafiri.

Mazoezi tulifanya. Usiku wa Jumanne nilimuuliza wifi mara ishirini, "Huyu ni nani wako?" naye mara ishirini akajibu, "Ndugu yangu," mpaka tukachoka. Asubuhi tumefika kaunta, tumeshikana mikono kama watoto wa shule, begi letu moja limefungwa kamba. Yule dada akanitazama mimi mfupi mnene, akamtazama wifi mrefu aliyekauka. Akamwuliza wifi, ghafla kama ulivyosema, "Huyu ni nani wako?"

Wifi akaduwaa. Mara ishirini zote zikamtoka kichwani. Akasema, "Huyu? Huyu ni mkorofi tu! Ana kichwa kigumu, haombi radhi mpaka aandikiwe na serikali, na leo ameniamsha saa kumi wakati ndege ni saa tatu!"

Nikajua tumekwisha. Nikamwona binti yangu peke yake kitandani. Yule dada akatutazama, akatutazama tena, akasema, "Basi huyo ni ndugu yako kweli." Akatugongea pasi zetu, akatuonyesha njia. Mwambie namshukuru, jina lake sikupata.

Kiti cha dirishani alikaa yeye. Aliona mawingu dakika kumi, kisha akalala begani kwangu mpaka tulipotua. Pumzi yake ni nzito kweli. Sikumwamsha, mwanangu. Bega lilikufa ganzi na nilikuwa na furaha.

Tulifika kwa binti saa saba mchana. Tulimkuta amekaa sakafuni jikoni, ameegemea kabati, anasema anapumzika kidogo. Uso ulikuwa umevimba, na alituona wawili wawili, kwa hiyo mwanzoni hakushangaa kuona tuko wawili. Wifi hakuuliza swali hata moja. Alimshika chini ya makwapa, mimi miguu, tukamtoa mpaka barabarani tukasimamisha gari la kwanza. Hospitali walimpima, daktari akatuambia presha ilikuwa imepanda mno, na kwamba kama angekaa pale sakafuni mpaka jioni hakujua angetuambia nini. Alituambia hivyo kwa sauti ya kawaida, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine. Wifi alikaa chini, pale pale koridoni. Na mimi nikakaa.

Wamemlaza siku tatu kwa dawa, presha ikashuka. Leo alfajiri uchungu ukaanza. Muuguzi akatoka akasema ndugu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingia chumba cha kujifungulia.

Nikamwambia wifi, "Ingia wewe."

"Mimi? Wewe ndiye mama yake."

"Wewe ndiye unayejua kumtuliza. Ingia."

"Usinitanie. Umesafiri angani na miguu hiyo, halafu nikuache nje?"

"Nimesema ingia!"

"Na mimi nimesema siingii! Unaona ulivyo? Ndivyo ulivyokuwa hata dukani, ukishasema umesema!"

Tukapandishiana sauti, mwanangu. Yeye ananisukuma mlangoni, mimi namsukuma yeye, muuguzi katikati anasema taratibu mama, taratibu. Yaliyokuwa yamekaa miaka sita yakatoka yote, duka, mwalimu mkuu, chai, nani alimwachia nani vikombe. Watu wa benchi walihama. Na tukiwa katika hali hiyo, mkono wa wifi uko kolani kwangu, tukasikia mtoto analia.

Tukaachiana. Hatukuwa tumeingia hata mmoja. Nilijisikia vibaya sana, nakuambia kweli. Nimevuka nchi nzima nimshike mwanangu mkono, halafu amejifungua ukuta wa pili peke yake, na mimi nagombana mlangoni. Nililia. Wifi naye akalia, akasema ni kosa lake, nikasema ni langu, na tukawa karibu kuanza tena.

Muuguzi akatoka. Nilidhani anakuja kutufukuza. Akasema ni mtoto wa kike, wote wawili wazima, na akauliza sisi ni akina nani kwa mzazi, maana amemshangaa. Alisema uchungu ulipozidi binti aliogopa, akaanza kukataa, hataki kusukuma. Kisha ghafla akanyamaza akasikiliza makelele yetu ya nje. Akacheka pale pale kitandani, machozi yanamtoka, akamshika mkunga mkono akamwambia, "Unawasikia? Hao ni mama zangu. Wanaongea."

Mimi,
Fundi cherehani
na mimi, Wifi